Nilimuficha Nsimire Kule Nyangezi, Nikasema Iko Bulaya

Nilikosa. Sitazunguka, wala sitatafuta mutu wa kumubebesha. Ni mimi, muzee wa nywele nyeupe, na kosa lenyewe lilitoka mu kinywa yangu.

Mimi siko mutu wa masomo. Niliachia mwaka wa nne ya primere, baba alikufa, nikaanza kubeba mifuko ya simenti ya watu. Leo niko na duka yangu ya manjanja ya kufunika nyumba na misumari, na nyumba ya ghorofa hapa Nyalukemba. Hakuna mutu alinisaidia. Nilipenda kusema hivyo kila pahali, kifua mbele. Kile kifua njo kiliniharibu.

Niko na binti. Hapa nitamuita Nsimire, lakini si jina lake. Alipopata diploma ya sekondari, nilimwambia achague iniversite yoyote ya hapa Bukavu, nitalipa. Yeye akaniletea habari ingine. Akasema kuko masomo ya kwenye internet, ya bei ya chini. Unachukua somo moja, unasoma, unafanya mutihani mbele ya kamera ya mashini, ile kompyuta. Ukipita, wanakupa kredi, zile pointi za masomo. Kisha somo ingine, kredi zingine. Zikitimia hesabu yao, iniversite moja ya Bulaya inazikubali, inakupa lisansi sawa na ya mutu aliyekaa ndani ya darasa lao.

Nikamuuliza kama wale walimu wanajua hata sura yake. Akasema wanaiona mu kamera. Nikamuuliza, na toga, lile joho la siku ya kumaliza masomo, utavalia wapi? Akacheka.

“Papa, toga si masomo.”

Ningelielewa mimi kuliko watu wote! Nyumba yangu niliijenga vilevile: mwaka huu matofali, mwaka unaofuata manjanja, mwaka ule milango. Hakuna mutu aliniambia hiyo si nyumba. Lakini mutoto yangu nilimwambia kwamba masomo yake ni kama sukari ya kupimiwa na kijiko.

Haya yangu ilikuwa hii. Wageni wanaingia mu saloni, wanakuta binti mukubwa ameketi mbele ya mashini, vile vitu mu masikio, saa nne ya asubui. Kwa macho yao ni mutu asiye na kazi. Na wenzangu wa kanisa, misa ikiisha, kazi yao ni kuhesabu watoto: wa fulani iko anasomea udaktari, wa fulani iko Kinshasa. Wakifika kwangu, nakohoa.

Ijumapili moja, prezida wa shirika yetu, ile jumuiya ya wakristu wa mutaa, akaniuliza mbele ya wote kama Nsimire aliolewa, mbona hawamuone tena. Kumbe alikuwa nyumbani anatayarisha mitihani. Kinywa yangu ikafunguka yenyewe.

“Nsimire? Iko Bulaya. Anasoma kule.”

Wakanikamata mukono, mumoja kisha mwingine. Mumoja akasema: “Kumbe muzee wa misumari, ulikuwa unatufichia!” Wakacheka, na miye nikacheka. Ile siku niliisikia tamu sana. Leo nikiikumbuka, naona haya hata nikiwa peke yangu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia muke yangu. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua maharagi. Nikamuita Nsimire, nikamwambia ataenda kukaa kwa dada yangu, kule kijijini Nyangezi, mpaka karatasi ya lisansi itoke. Nikamuelezea kwamba huo hata si uongo: iniversite yenyewe si iko Bulaya? Ni miguu tu haijafika. Alicheka, akifikiri nacheza. Kisha akaona sichezi. Akasema nyumba hii ni yake pia. Nikamujibu nyumba ni yangu, niliibeba ku mugongo.

Kesho yake tulipanda kamiyo yangu, lori ya duka, yeye amejifunika kitenge mpaka karibu ya macho, kama mugonjwa.

Kule Nyangezi rezo ya simu na internet ilikuwa ya shida. Kila asubui alipanda kilima cha nyuma ya nyumba ya dada yangu, mashini ndani ya kapu, amelifunga na plastiki mvua isiingie. Na alipita! Somo kisha somo. Kredi alikuwa anamuhesabia mama yake kwenye simu. Mimi alinisalimia kwa heshima, halafu kimya. Na watu wakiniuliza habari ya Bulaya, niliwaambia baridi ni kali. Mimi ambaye sijavuka hata mupaka na ndege.

Kisha mama yangu akafariki.

Lazima mujue Nsimire alikuwa nani kwake. Muke yangu alipokaa hospitali miezi mingi, mama njo alimulea yule mutoto. Alimupa jina lake mwenyewe. Binti alimuita koko, ni kusema bibi, na walilala kitanda kimoja mpaka akawa mukubwa. Kwa hiyo habari ilimufikia mbele mimi sijamupigia.

“Papa, natafuta taksi-moto sasa hivi. Nitafika kabla jua halijalala.”

Nikamwambia asikuje.

“Papa, ni koko.”

“Najua ni koko. Saloni imejaa watu. Nitawaambia ulishuka ndege gani?”

Ndiyo, nilisema hivyo, na maiti ya mama yangu iko chumba cha pili. Sababu wamama wa shirika walikuwa wamesha kuniuliza kama mazishi yangojee, ili twende wote Kavumu kumupokea ku uwanja wa ndege. Niliwajibu mambo ya viza ni magumu. Wakanihurumia. Mumoja alinifuta machozi na kitambaa chake.

Siku ya mazishi, kwetu mujukuu anayebeba jina la marehemu njo anatangulia na picha yake. Picha tulimupa mutoto wa ndugu yangu, aliyemuona koko labda mara mbili. Bado tuko mu kiwanja ya nyumba, prezida akasema, na roho nzuri kabisa, tusikie na yule aliye mbali. Muzee amupigie, tuweke simu ku mikro, wote wasikie. Ningekataa namna gani? Nilipiga. Moyoni nilimuomba Mungu rezo ya Nyangezi ikatae.

Haikukataa.

Nsimire akasema: “Koko, unisamehe. Njia iko mbali.”

Hiyo tu. Watu wakalia sana. Nyuma ya sauti yake jogoo aliwika, na maman mumoja karibu yangu akasema polepole, kumbe hata kule kuko majogoo. Muke yangu alisimama, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mulango. Yeye alijua ile njia. Hata na kamiyo yangu nzito, kufika Nyangezi haimalize asubui moja.

Nsimire alimaliza. Kredi zilitimia, iniversite ilizikubali, karatasi imefika. Ofisi moja hapa Bukavu inamutaka, na itamungojea mpaka mwisho wa mwezi. Nilimutuma mama yake kumwambia natayarisha sherehe ya kurudi kwake, na fundi amesha kushona toga. Mama yake alirudi peke yake na jibu: hataingia mu muji kama mutu anayetoka pahali hakukuwa. Atakuja siku mimi mwenyewe nitasimama mbele ya shirika na kusema alikuwa wapi tulipomuzika koko yake.

“Nilidanganya mara moja kwa ajili yako, Papa,” njo maneno aliyotuma. “Mbele ya maiti. Sitarudilia.”

Ijumapili tatu nimejaribu. Nasimama, mutu ananisalimia “Papa wa Bulaya”, ulimi unakauka, naketi.

Wewe papa mwenzangu, mutoto akisomea mu saloni yako, fungua pazia. Wageni wakiuliza anasoma wapi, waonyeshe kile kiti. Haya ya siku moja inapita. Yangu, naamuka nayo kila asubui, na muke yangu ananiwekea chai bila kuniambia neno.

Hii barua imenikamata siku nne, maana aliyekuwa ananiandikia barua zangu zote ni Nsimire. Nimeandika mbili. Ya pili, ya kuambia shirika ukweli, itakuwa mu mufuko yangu Ijumapili hii, na ulimi ukikauka tena, prezida ataisoma. Hapa sikutia jina. Kwa ile nimetia.