Neno Ambalo Sada Hakuambiwa

Anatolia wa Ijumbi alikuwa na miaka thelathini na minane alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, mgumu kama punje ya kahawa. Mwaka ulikuwa 1953, watu wako mbioni na mavuno, naye akanyamaza. Miezi minne baadaye tezi zikamvimba kwapani. Hapo ndipo alipomwambia mumewe, Elieza, na Elieza akampeleka Bukoba mjini. Daktari Mwingereza alimpima, akaandika barua, akasema upasuaji wa namna ile haufanyiki hapa. Lazima avuke ziwa aende Kampala.

Melini alikutana na mwanamke mwenye barua kama yake. Huyo ni Sada wa Miembeni, palepale Bukoba mjini, mjane mcheshi, fundi wa kushona kofia kwa mkono. Alikuwa ametoka Tabora kuja kuolewa Bukoba, na Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Kabla meli haijafika, walikwisha kuitana dada.

Walilazwa vitanda jirani, wakapasuliwa wiki moja. Anatolia alidhani ataondolewa uvimbe tu. Alipozinduka alikuta mpira mwembamba umetoka ubavuni, unachuruzisha maji mekundu kwenye chupa, na ngozi ya ndani ya mkono imekufa ganzi, kama ya mtu mwingine. Daktari alimweleza kupitia mkalimani kwamba tezi za kwapani nazo zimetolewa, kwa kuwa ugonjwa ule ukitaka kusambaa mwilini hupitia humo. Anatolia aliitikia kwa kichwa. Angependa kuyasikia hayo kabla ya kisu.

Kila asubuhi waliambiwa wasimame ukutani na kuupandisha mkono kwa vidole, kidogo kidogo, bega lisigande. Siku ya kumi na mbili Sada alifika juu, akajifunga kilemba mwenyewe huku akicheka. Mkono wa Anatolia ulikomea usawa wa bega. Alimtazama mwenzake akifunga kile kilemba, akashindwa kucheka naye.

Siku ya kuondoka, muuguzi Mnyankole alimvuta Anatolia kando, kwa sababu lugha zao zinakaribiana. Alimwambia tezi zile ndizo zilizokuwa zikiulinda mkono, na sasa hazipo. Asibebe mizigo kwa mkono huo. Asikubali kuchomwa sindano ya dawa upande huo. Achunge kisu, miiba na moto. Mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka, na ukianza kuwa mwekundu na wa moto, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho.

"Mwenzako hanielewi," muuguzi akamalizia. "Mweleze yote, hasa habari ya sindano zake za kushonea."

Ziwa lilichafuka kidogo wakati wa kurudi. Sada alisimama ameshika chuma cha meli kwa mkono ule uliopasuliwa, bila shida yoyote.

"Dada, yule muuguzi alikuwa anakwambia nini kirefu vile?"

Anatolia aliutazama ule mkono.

"Ya kawaida tu," akasema. "Tupumzike, tule vizuri."

Alijiambia kwamba atamweleza watakapofika. Bandarini Elieza alikuwa anamngoja, wakaagana na Sada haraka. Baadaye akajiambia atatuma salamu na mtu anayekwenda mjini. Wengi walikwenda, na hakumtuma hata mmoja.

Mwezi wa saba tangu warudi, Elieza alirudi kutoka Bukoba na habari kwamba Sada amezikwa. Alijidunga sindano kidoleni akishona kofia. Mkono ukawa mwekundu, akaukanda kwa maji ya moto, akapaka majani aliyoletewa na jirani. Walipomfikisha hospitali ilikuwa siku ya nne.

Tangu hapo Anatolia hakuwa peke yake. Akipalilia kibanja mchana kweupe, alisikia nyuma yake mtu akiuliza, kirefu vile? Akigeuka, ni migomba. Kanisani alimwona mwanamke wa mbele akinyanyua mkono kufunga kilemba, naye akaacha kuimba. La kutisha zaidi lilikuwa kwenye ngozi iliyokufa ganzi. Hakuhisi kitu hapo hata akijifinya, lakini siku nyingine ilichomwa ghafla, mchomo mmoja mwembamba, kama wa sindano. Mkono wenyewe ulianza kuvimba, na yeye akaona ni haki. Mchungaji alimwombea. Elieza alimuuliza mara nyingi kinachomsumbua, akajibiwa ni mkono tu.

Ndipo akaanza kuwatafuta watu. Akisikia mgonjwa wa uvimbe ameandikiwa Kampala, awe Kamachumu au Kanyigo, alipanda lori akamfuata. Aliwaambia waulize, kabla ya kulala kitandani, kitakachotolewa ni nini na kwa nini. Aliwaambia habari za mpira, ganzi na ukuta, kisha akawahesabia ya muuguzi, neno kwa neno. Watu walimsifu kwa huruma yake. Sifa hizo zilimchoma kuliko kitu kingine.

Mwaka 1958 alikwenda Rwamishenye kwa Joviana, Mkatoliki kijana aliyekuwa akifunga mizigo ya safari ya Kampala. Joviana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha, kwa heshima ya Kihaya, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Waitu mama, ulikwenda peke yako?"

Anatolia aliweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akamtaja Sada kwa jina, akasema maneno aliyopewa ampelekee, na jibu alilompa melini. Hakusingizia mawimbi wala uchovu.

"Nilimwonea wivu," akasema. "Mkono wake ulikuwa unapona."

Joviana hakumpa pole, wala hakumlaumu. Alitoa daftari na kalamu kwenye mzigo wake, akamwomba mama aanze upya, polepole, ili ayaandike yote, apate kumsomea na atakayelazwa kitanda cha jirani.