Karavani Niliyoiita Chakavu

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alifariki katika shamba la mkonge karibu na Muheza, na mwezi uleule nikaacha shule darasa la nne, nikashika panga. Mkonge una mwiba kwenye ncha. Kovu la kwanza ninalo hapa kwenye dole gumba, ukija kwangu nitakuonyesha. Tangu hapo sikupewa kitu bure, na sioni haya kulisema. Sikusoma, lakini si mjinga. Ila kuna siku moja, mwanangu, nilikuwa mjinga hasa, na ninaikumbuka kuliko siku zote nilizokuwa hodari.

Naisimulia leo kwa sababu naona vijana wetu wa hapa London wananunua karavani, hizi nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa nyuma ya gari. Jambo zuri, nawapongeza. Lakini nikiwauliza wamekata bima gani, wananijibu, "Ile ya bei ndogo, Mzee." Rahisi huvunja upishi, wazee walisema, na mimi upishi wangu ulishavunjika.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tulikuwa tumeshahamia huku London, tukikaa mtaa wa Edmonton, chumba kimoja, mimi na mke wangu Mwanaidi na watoto wawili. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanjani Wembley watu wakishaondoka. Usicheke. Kuna mtu anayefagia, na kuna mtu anayesogeza taka kutoka hapa kwenda pale. Mimi nilikuwa nafagia. Msimamizi mmoja akaniona, akanipa kazi ya kusimamia mwenyewe: kusafisha viwanja vya maonyesho ya kilimo, huko mashambani mbali na jiji, msimu mzima wa joto, nikiwa na watu watano chini yangu. Mtoto wa kukata mkonge, bosi Uingereza! Sharti lilikuwa moja. Kila wiki mnahama uwanja, kwa hiyo msimamizi aje na mahali pake pa kulala. Huna, kazi apewe mwingine.

Basi tukanunua karavani. Ilikuwa imetumika, lakini aliyeitumia alikuwa mtu wa usafi. Mimi nikabadilisha sakafu, nikafunga matairi mapya, nikapaka rangi kabati moja moja. Mwanaidi akashona mapazia ya kitambaa cha maua, akatandika magodoro mapya. Tulipomaliza, tulikaa ndani tukanywa chai. Ilikuwa nyumba yetu ya kwanza ambayo mwenye nyumba hakuwa mtu mwingine.

Kulikuwa kumebaki bima. Fomu za Kiingereza zilikuwa zinanishinda, nikapiga simu. Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti ya upole. Akaniuliza karavani ya kazi gani. Nikamwambia ya kulala kazini, hilo sikuficha. Akaniuliza ina hali gani, na thamani yake kwa leo ni kiasi gani.

Hapo ndipo, mwanangu. Sisi tulilelewa vipi? Mama yangu akinunua mbuzi, anawaambia majirani mbuzi ana kikohozi. Tukila wali, tukiulizwa nje tunasema tumekula ugali. Mtu akikusifu nguo, unamwambia ni ya mtumba, ishapauka. Tunaogopa kijicho, tunaona haya kujisifu, na tunajitetea kwamba chema chajiuza. Miaka yote ile ulimi wangu haujawahi kumwambia mtu baki kwamba kitu changu ni kizuri. Sasa uanze leo, kwenye simu?

"Ah, dada yangu," nikamwambia, "ni kikaravani tu. Chakavu. Hakina maana."

"Chakavu kiasi gani?"

Nikamtajia theluthi moja ya thamani yake ya kweli.

"Na vitu vya ndani?"

"Takataka tu."

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. "Takataka? Mapazia yangu takataka?"

Nikaziba simu kwa kiganja. "Nyamaza, Mama Salimu. Hii ni adabu."

"Adabu ya wapi? Sema unaogopa jicho. Huyo binti atakuroga kwa waya?"

Nikamgeuzia mgongo, nikamaliza mazungumzo. Bima ikatoka ya bei ndogo kabisa, nikatamba wiki nzima kwamba nimewazidi Wazungu akili.

Wiki tatu kabla ya msimu kuanza ukavuma upepo mkali. Asubuhi mlinzi wa ua nilipokodi nafasi ya kuiegesha akanipigia: mti umeanguka. Tulikwenda na Mwanaidi kwa basi. Mti ulikuwa umelala juu ya karavani kama mtu aliyechoka amelala kitandani. Ukuta wa mbele ulikuwa mzima. Nyuma hakukuwa na kitu.

Baada ya siku chache akaja mkaguzi wa bima, mzee wa Kizungu mwenye koti la mvua na daftari. Hakuwa na haraka. Akainama, akaingia upande uliosalia, akagusa kabati, akashika pazia akautazama mshono wake. Akatoka akanitazama usoni.

"Bwana," akasema, "hii ilikuwa karavani nzuri sana. Imetunzwa kuliko nyingi ninazoziona. Kwa nini ulisema ni chakavu?"

Utamweleza nini, kwamba mama yangu mbuzi wake wote walikuwa na kikohozi?

"Mjibu," Mwanaidi akaniambia kwa Kiswahili, machozi yakimtoka. "Mzungu amekisifu kitu chako kabla yako."

Fidia ikaja kwa thamani ile niliyoitaja mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Theluthi. Haikununua hata karavani ya kufugia kuku. Nilizunguka wiki mbili nikitafuta, nikakosa. Msimamizi akasikitika, ni mtu mwema, lakini kazi akampa mwingine. Na huyo mwingine alikuwa nani? Mtu niliyemfundisha mimi kushika fagio.

Siku zile nilikuwa nikienda Tooting kwenye duka la Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa Tanga, tena Ngamiani kabisa, Kiswahili chake kinakushinda wewe. Ndiye aliyetuuzia kile kitambaa cha maua. Nikamsimulia, nikitegemea pole. Akaweka mkasi chini.

"Wewe mpumbavu, bwana mdogo," akasema. "Sikiliza. Jirani akiniuliza, namwambia biashara mbaya. Mteja akiniuliza, namwambia mali hii bora, hupati kwingine. Bima akiniuliza, namwambia kweli tupu, na ushahidi namwekea mezani. Watu watatu, midomo mitatu. Wewe mdomo wako mmoja tu, tena wa woga!"

"Mzee, ni heshima tu."

"Heshima kwa nani? Mke wako kashona usiku na mchana, wewe unamwambia mtu baki takataka. Hiyo siyo kujishusha. Umemshusha yeye."

Nilirudi Edmonton. Lile la mwisho liliniuma kuliko mti.

Msimu ule nilikwenda mashambani hivyohivyo, nikafagia chini ya mwanafunzi wangu. Nililala kwenye hema, mvua ikinyesha nje na ndani. Nilimwita bosi, naye akaona haya, akaniambia, "Kaka, niite jina langu." Nikakataa. Kazi ni kazi, na aliyekosea alikuwa mimi. Lakini kila uwanja tuliohamia, nilihakikisha hapana kipande cha karatasi kilichobaki nyuma yangu. Mwaka uliofuata msimamizi akanirudishia nafasi yangu. Sharti likawa lilelile.

Nikapata karavani nyingine, kuukuu kuliko ya kwanza. Nikaifumua yote, nikaisuka upya. Mwanaidi akashona tena. Halafu nikamketisha kando yangu, picha na risiti zote mezani, nikapiga simu.

"Dada," nikasema, "andika. Karavani hii ni nzuri. Sakafu nimeiweka mimi, na mimi najua kazi. Mapazia ameshona mke wangu, na hupati mshono huo dukani."

Binti akacheka. "Thamani yake, bwana?"

Nikamtajia yote, bila kupunguza hata shilingi. Halafu nikageuka mimi nikawa ndiye muulizaji. Ikiibwa je? Mti ukiiangukia je? Mkinifidia, mnanipa mpya au mnanipa thamani ya siku ile ilipoharibika? Hema la mbele, lile linalofungwa mlangoni mwa karavani, limo? Vyombo vya ndani vimo? Kufuli za aina gani mnazitaka, maana msije mkaniambia baadaye nilifunga isiyotakiwa? Nikidai, kiasi gani cha kwanza kinatoka mfukoni mwangu? Nalala humo kazini msimu mzima, hilo mmeliandika? Alinijibu moja moja, na lile ambalo sikulielewa alilirudia mara tatu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Bima ile ilikuwa ya bei kubwa kuliko ya kwanza. Nilipoweka simu chini, Mwanaidi alikuwa amekaa wima kama bibi harusi anayesomewa sifa zake.

Sasa shika haya, mwanangu. Usiichague bima kwa udogo wa bei yake. Chagua kwa kujiuliza: kikienda chote leo, kesho nitaweza kuinuka? Usidanganyike kwamba bima ya gari inatosha. Hiyo mara nyingi inawalipa wengine karavani ikiwaumiza barabarani, yenyewe ikivunjika unabaki unaitazama. Sema inalala wapi, nani anaivuta, na kazi yake nini. Ukibadilisha chochote, piga simu. Usiongeze thamani, huo ni wizi, na wizi una mwisho wake. Lakini usipunguze pia. Mficha uchi hazai. Majirani wafiche ukitaka, mimi siwezi kukutoa katika mila za mama yangu na mama yako. Ila mtu anayekuuliza ili akulinde, mwambie kweli kwa sauti. Kitu kilichotengenezwa kwa jasho la watu wa nyumbani mwako, usikiite takataka.

Mungu akubariki mikono, akupe safari zenye kwenda na kurudi, akupe na mwenzi wa kukukemea mlangoni unapokosea.

Nami leo, mbele yako wewe usiyenijua, nasema bila haya nilivyo navyo: nyumba ya vyumba vitatu Edmonton, ya kwetu. Kampuni ya usafi yenye watu ishirini na wawili. Magari mawili ya kazi. Shamba la michungwa Muheza. Cherehani nne za Mwanaidi. Karavani tatu, na zote nzuri.