Mipaka Niliyoikariri

Mama hakuruka chochote katika Biblia. Tulipofika kitabu cha Yoshua, pale nchi inapogawanywa kwa makabila, niliona nitakufa: mpaka unashuka bondeni, unapanda mlimani, unazunguka mji fulani, unaishia mtoni. Kurasa na kurasa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kukaa kitako kulinishinda.

Mwaka huo wa sitini na kitu, kamati ya kupima mashamba ilifika kijijini kwetu, juu ya Keroka. Baba alikuwa amekufa akatuacha wasichana watupu, wanne, na baba mdogo alishaanza kuliita shamba letu la ndizi "lile langu la chini". Kamati ikapanga kuja kwetu Jumamosi. Baba mdogo, Mkatoliki, hakuwa na neno. Mama, Msabato asiyeyumba, alisema Mungu ndiye atakayeonyesha mipaka, akatupeleka kanisani.

Kanisani nilikuwa kama niliyekalia siafu. Nilifungua Yoshua kwa hasira tu. Katikati ya orodha ile ile nikakuta mabinti watano ambao baba yao hakuwa na mwana wa kiume. Walikwenda mbele ya wakubwa wakadai fungu lao, wakapewa. Nilisoma mara mbili. Hawakungoja nyumbani. Nikatoka mbio hadi shambani.

Nilimkuta baba mdogo ameshika mwisho wa mnyororo wa kupimia, wazee wa kamati nyuma yake. Maneno yalinijia kwa mpangilio ule wa Yoshua: mpaka wetu unaanzia kisiki cha mkaratusi, unashuka kwenye ua wa minyaa, unapita jiwe la kunolea panga, unaishia mtoni. Baba mdogo alicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alikwenda akakagua kila alama niliyoitaja.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kanisani, mzee."

"Mwambie aje Jumatatu. Hapa hapapimwi leo."

Jumapili mama alinichapa kwa kuvunja Sabato, tena alinichapa sawasawa. Jumatatu akanishika mkono, tukaenda, akaniambia nitaje mipaka upya mbele ya kamati. Karani akaandika, akauliza jina la mwenye shamba. Mama akatoa lake. Kisha, bila kuulizwa, akataja majina yetu sisi wanne, moja baada ya lingine. Karani alikuwa ameshaweka kalamu chini. Mama aliyataja yote.