Sauti ya Nne Peke Yake

Mimi nilizaliwa nikiimba. Mama alikuwa akisema mkunga alinipiga kofi nilie, nikatoa besi, mkunga akaketi chini. Ndivyo alivyosema, na kwa uongo mama hakunizidi sana. Kwenye kwaya ya kanisa letu Iringa niliwekwa sauti ya nne nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilipofika Brussels nikaendelea kuimba: kwenye tramu, kwenye foleni ya komyuni, yaani ofisi ya manispaa, na kwenye shule ya jioni niliyosoma miaka mitatu nikitoka kufagia ofisi za Porte de Namur, hadi nikapata cheti cha kuhudumia wazee majumbani. Mwalimu wa kufunga vidonda alinitoa nje mara elfu moja kwa sababu ya kuimba. Kwa hesabu za kawaida ni mara tatu.

Cheti kikanipeleka Anderlecht, ghorofa ya pili, kwa mume na mke Wayahudi. Bwana alikuwa fundi mstaafu wa mikoba ya ngozi. Mkewe alikuwa ameanza kusahau kila kitu isipokuwa namna ya kunicheka. Nilikuwa namwogesha huku naimba, naye anagonga kijiko kwenye ukingo wa beseni. Nikinyamaza anamuuliza mumewe, "Redio imeharibika?" Jina likanibakia. Bwana mwenyewe nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima. Akakubali shingo upande, akasema Ulaya ni tusi.

Bibi huyo alifariki mwezi wa Januari. Siku saba Mzee aliketi kwenye kigoda, shati limechanwa ukosini, vioo vimefunikwa mashuka. Siku ya nane aliniita jikoni.

"Redio," akasema, "mpaka zitimie siku thelathini, humu ndani hakuna muziki. Ndiyo sheria yetu."

"Mimi si muziki, Mzee. Sina hata filimbi. Ni mdomo tu."

"Mdomo wako una watu kumi na wawili ndani yake."

Nikanyamaza. Tangu nizaliwe sijafanya kazi ngumu kama ile. Niliosha vyombo kimya mpaka nikajua bomba lao linavyolia. Kwetu nyumba yenye msiba ikikaa kimya, majirani watauliza mmegombana na nani. Kwaya inakuja siku ileile, inaimba nyumbani, inaimba njiani, inaimba kaburini. Marehemu asiyeimbiwa ni kama ametupwa. Kumbe hapa kumwimbia ndiko kumtupa. Nilimwambia Mzee hivyo.

"Basi mmoja wetu anamkosea marehemu wake," akasema.

Siku ya kumi na moja ya msiba wake, mdogo wangu alinipigia kutoka Iringa. Mama alikuwa amelala usiku, na asubuhi hakuamka. Hapo sina chumvi ya kuongeza.

Sikuweza kwenda. Kitambulisho changu kilikuwa komyuni kikisubiri kuhuishwa, na ukitoka nchi ile bila hicho, kurudi ni ndoto. Mazishi yalipangwa keshokutwa, saa nane mchana, ambayo kwa Brussels ni saa sita. Tukakubaliana na mdogo wangu: kwaya ikianza pale kaburini atanibipu, mimi nitampigia kwa kadi ya simu niliyonunua Matonge, mtaa wa Waafrika, naye atainua simu juu. Kwaya ni ileile yangu, watu arobaini. Kaburini hawapigi kinanda wala ngoma, ni zile sauti nne tu. Sikuwa na njia nyingine ya kumzika mama. Nilitaka nisikie anavyoimbiwa, basi.

Likizo nilipewa na ofisi iliyoniajiri, nikaikataa. Chumbani kwangu ningezibomoa kuta. Nikamwambia Mzee kwamba saa sita nitatoka ngazini kidogo, na kwa nini.

"Ngazini?"

"Ngazini simu inashika vizuri, Mzee."

"Mama hazikwi ngazini. Utakaa hapa, kwenye kiti. Nitauliza kama inaruhusiwa."

Mzee hakuwa mtu wa kufanya jambo bila kumuuliza rabi wake. Saa tano na nusu siku ya mazishi akampigia. Rabi alikuwa anafundisha, akaahidi kupiga baadaye. Tukakaa jikoni, simu yangu ya mkononi katikati ya meza, tunaiangalia kama mgonjwa. Saa sita na dakika tano ikabipu. Nikanyanyuka, na hapohapo simu ya ukutani ikalia.

"Ni yeye," Mzee akasema, akanishika mkono. "Dakika moja."

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini mtu aliyefiwa na mkewe alikuwa ananitafutia mimi kiti, na niliona haya kumwachia mkono hewani.

"Rabi," akauliza, "mfiwa aliye ndani ya siku thelathini anaweza kusikia wimbo wa sauti tupu, bila ala yoyote?"

Akawa anarudia majibu kwa sauti ili nami nisikie. Wapo wanaoruhusu, kwa kuwa kilichokatazwa ni ala. Wapo wanaokataza, kwa kuwa kinachokatazwa hasa ni furaha, na furaha haihitaji kinanda. Wapo wanaotenganisha anayejiimbia taratibu na anayesikiliza kundi. Rabi alikuwa mtu makini, hakumwacha mwanachuoni hata mmoja nyuma. Simu yangu ikabipu mara ya pili. Ikabipu mara ya tatu.

Mzee akashukuru, akaweka simu. "Anasema ni bora kungoja thelathini ziishe," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikakimbia ngazini. Kadi ile ilikuwa na tarakimu za kutosha kumhesabu kila mkazi wa Koekelberg. Nikazibonyeza, nikakosea, nikaanza upya. Mwanamke wa kwenye kadi akanikaribisha kwa lugha tatu.

"Kaka, wameshamaliza," mdogo wangu akasema. "Wameimba zote tatu. Sasa hivi wanafukia."

"Inua simu."

Akainua. Nikasikia makoleo. Nikasikia mtu anakohoa, nikamtambua ni nani kwa kikohozi. Kisha kadi ikaisha, na taa ya ngazini ile inayojizima yenyewe ikazima, nami sikuiwasha.

Siku mbili baadaye rabi alikuja kumwona Mzee. Mzee akamweleza kuhusu mama yangu, na simu, na ngazi. Rabi akanipa pole, kisha akamgeukia.

"Uliniambia mfiwa. Nilidhani unajiulizia wewe."

"Nilikuwa naye hapa mezani."

"Huyu sheria yetu haimfungi. Na kumlilia mama kaburini si furaha, hata kama ni kwa kuimba. Ungeniambia, ningesema mpe kiti, wewe ingia chumbani ufunge mlango."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali. Mzee akabaki anaitazama mikono yake, mikono iliyoshona mikoba ya nusu ya wanawake wa Ubelgiji. Tangu siku hiyo akakataa nimchemshie chai. Akawa ananichemshia yeye, na ilikuwa chai mbaya kuliko zote zilizowahi kunywewa na binadamu, nami niliimaliza kila siku.

Thelathini zake zikatimia siku ya Jumanne.

"Kwa mke ni siku thelathini," akasema. "Kwa mama ni mwaka mzima. Na mke wangu niliishi miaka hamsini na moja, na mama yangu miaka kumi na mitatu. Sijui nani alipiga hesabu hizo." Akasogeza kikombe. "Lakini wewe hesabu hazikuhusu. Imba zile ulizokosa. Imba, na mimi nizisikie."

Nikafungua mdomo. Maisha yangu yote sikuwa nimelifikiria jambo hili: sauti ya nne haina wimbo. Wimbo unabebwa na sauti ya kwanza, na mama alisimama humo, mstari wa mbele, miaka yote. Sisi tunapita chini yao, tunasema neno moja wao wanaposema matano, halafu tunangoja. Nikaimba sehemu yangu. Nikangoja panapongojwa. Nikaendelea.

"Ndiyo yote?" Mzee akauliza.

"Ndiyo ninayoijua mimi."

"Huo ni msingi bila nyumba, Redio."

"Nyumba ilikuwa kwenye simu, Mzee."

Mzee akachukua kijiko. Niliporudia kutoka mwanzo, nikafika pale pa kungoja, akagonga ukingo wa kikombe, taratibu. Mapigo hayakuwa ya wimbo ule hata kidogo. Sikumsahihisha.