Kipande cha Mama

Watu wa Karagwe wanamjua dalali wa ng'ombe, na dalali wa kahawa wanamjua zaidi ya wanavyotaka. Nilipofungua ofisi yangu Kayanga na kuandika mlangoni kwamba nasimamia watu wenye vipaji, mzee mmoja alisimama akasoma, akarudia kusoma, kisha akaniuliza ninauza nini hasa. Nikamweleza kwamba ninao waimbaji, wapiga ngoma, washereheshaji na wasemaji wa kupeleka posa. Mwenye shughuli anakuja kwangu, nampa mtu. Akatikisa kichwa. "Kumbe wewe ni dalali wa midomo." Nilicheka kwa heshima, maana alikuwa mzee, lakini niliudhika kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiita mkurugenzi.

Waimbaji hawailishi ofisi. Waimbaji wana mafua, wana wapenzi, wana ndoto za Dar es Salaam. Wanaoilisha ni wasemaji. Huku kwetu upande wa kijana hauendi kuomba mke ukiwa kimya. Lazima awepo mtu wa kusifu koo zote mbili, kuvumilia utani wa wenyeji, kujishusha pale panapotakiwa na kuomba hadi apewe. Zamani kila ukoo ulikuwa na mjomba wa kazi hiyo. Siku hizi wajomba ni maofisa, wana gari na suti nzuri, na wakisimama kuzungumza unadhani wanasoma bajeti ya halmashauri. Hao ndio wateja wangu, kuanzia Ihembe mpaka kule Kyerwa.

Nyota wangu nilimtoa mnadani. Alikuwa akinadi ng'ombe Kihanga, mtu mzima, mrefu, mwenye kikohozi kimoja cha kufungulia maneno ambacho hata ng'ombe walikiheshimu. Nilimsikia akimsifu ndama mwenye kilema mpaka nikataka kumnunua, nami sina zizi. Nikamshonea koti jeusi, nikampa sheria mbili: hasemi bila koti, na akishapanda gari la mteja yeye ni wa upande ule mpaka jioni, hata kama wanakwenda kwa mama yake mzazi.

Maneno mengi yalikuwa yake. Kipande kimoja kilikuwa changu. Niliona kwamba wasemaji wote huzungumza na wanaume waliokaa sebuleni, wakati mwenye kutoa mtoto kwelikweli yuko jikoni, nyuma ya pazia, anageuza ndizi. Kwa desturi mama hasemi siku hiyo. Basi nikamwandikia msemaji wangu maneno ya kumalizia: "Hatujamsahau mama aliye nyuma ya pazia. Mama, ipo siku inakuja utainjika ndizi nyingi kuliko walaji, kwa sababu mkono wako utakuwa haujazoea. Usizimwage. Tutamleta mwanao azile."

Tulikiita kipande cha mama. Hakikuwahi kukosea. Akifika kwenye "usizimwage" kilio kinaanza jikoni, kinapita pazia, kinamfikia baba, na baba aliyeanza na masharti saba anabaki na mawili. Mimi husimama nje dirishani nikisikiliza, naridhika kama mpishi anayesikia watu wakikwangua sahani. Sikuwahi kuyafikiria yale machozi zaidi ya hapo. Yalikuwa kazi.

Kisha wakaja kwangu.

Binti yangu ni mmoja. Baba yake alifariki binti akiwa bado wa kubebwa, na tangu hapo nyumba yetu ya Nyaishozi imekuwa ya watu wawili na sufuria moja. Nimewapeleka wasemaji kwenye nyumba za watu miaka yote hiyo bila kuwaza kwamba hata ile yangu ina mlango. Aliponiambia kuna kijana, mtoto wa familia ya Muleba iliyohamia Nkwenda kwa biashara, nilisema "Mungu ni mwema," nikaenda shambani kukata majani makavu ya migomba yasiyohitaji kukatwa.

Kinyozi hajinyoi. Niliposema nitaweka msemaji wa upande wetu, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliwaka. Ataletwaje mtu wa kukodi katika nyumba ya kaka yake, yeye akiwa hai na ana meno yote? Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwachia. Na kwa kuwa nyota wangu hakuwa na kazi siku hiyo, karani wangu alimpangia wateja waliokuja wenyewe ofisini. Hakuwauliza wanakwenda nyumba gani, wala sikumlaumu. Mtu anayepeleka posa hatangazi mlango kabla hajafunguliwa. Akikataliwa ataficha wapi uso? Kutouliza ndiyo adabu ya ofisi yetu, na niliiweka mimi.

Siku ilipofika nilikuwa jikoni na dada yangu na wanawake wa jirani, nimefungwa kitenge, nimenyamazishwa na desturi. Wageni waliingia, wakasalimiana, wakapewa punje za kahawa za kutafuna. Shemeji akawakaribisha kwa hotuba iliyopitia historia ya ukoo, bei ya maharage na barabara. Alipomaliza, nikasikia kikohozi.

Mwiko ukanitoka mkononi.

"Nini?" dada akauliza.

"Ni wangu," nikasema. "Yule mtu ni wangu."

Alianza taratibu. Alimsifu shemeji kwa hotuba ile mpaka shemeji akaamini. Alitaniwa akajishusha, akasukumwa akasogea, akaomba. Nilikuwa najua kila pumzi. Midomo yangu ilikuwa ikicheza pamoja na yake, na wanawake wakanitazama wakidhani nasali. Nilimkasirikia na kumwonea fahari kwa wakati mmoja, kwa sababu alikuwa ananichukulia mwanangu, na alikuwa anafanya vizuri sana.

Nikajua kinachokuja. Nikajiambia sitalia. Nani alie kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe mezani, huku anakula karanga? Dada yangu, aliyekisikia kile kipande katika posa za watu, alikwisha shika pembe ya kitenge karibu na jicho. Mimi nikakaza shingo, nikasubiri.

"Basi, wenyeji wetu," sauti ikasema, "sisi tumemaliza. Asanteni kwa kutusikiliza."

Makofi. Vigelegele. Shemeji akakubali kila kitu.

Dada akashusha kitenge. "Mbona hakusema ile ya mama?"

Nilipakua ndizi na nyama, nikapakua senene, nikatabasamu kwa kila aliyenitazama. Moyoni nilikuwa nimeumia kama mtoto aliyerukwa wakati wa kugawiwa. Nimewapa mama wa wilaya mbili maneno yale. Mimi peke yangu sikuambiwa kitu.

Baada ya chakula alinizungukia nyuma ya nyumba, karibu na migomba, koti mkononi, amejaa aibu.

"Shikamoo," nikamwambia, maana ajira haiondoi umri.

"Marahaba. Mkurugenzi, nisamehe. Gari lilipokata kona ya kwako nilitaka kuruka. Lakini sheria ni ile yako."

"Hilo si kosa. Kipande kiko wapi?"

Akatazama chini. "Waitu," akasema kwa heshima ya kwetu, "ningekuambiaje maneno yako mwenyewe? Ungejua ni kazi. Ungenicheka ukiwa huko ndani, nami ningekusikia, ningeharibu posa ya watu."

"Kwa hiyo mama wengine wanastahili, mimi hapana?"

"Mama wengine hawajui."

Sebuleni binti yangu alikuwa anacheka na watu wake wapya, kicheko ambacho nimekisikia kila asubuhi kikitoka chumba cha pili. Nikaona aibu kwa nilichotaka kusema, nikakisema hivyo hivyo.

"Sema sasa."

"Hapa?"

"Hapa."

Alinitazama kidogo. Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akakohoa kile kikohozi chake. Akaniambia habari za mama aliye nyuma ya pazia, na mkono wake, na ndizi zake, polepole, bila kuruka neno. Kufika kwenye "usizimwage" nilikuwa nimekwisha shika mgomba kwa mikono miwili, nalia kwa sauti, na dada yangu anatoka mbio jikoni kumuuliza yule mzee amenifanya nini.