Mahindi Yanapata Joto, Mstari Hauonekani

Mvua imepumzika kidogo hapa Chekalini, magharibi mwa Kenya, lakini Dinah Shikanga hawezi kupumzika. Anaandika maneno machache kwenye kompyuta, anasimama, anaenda hadi mlango wa ghala, anatazama wingu jeusi lililojikusanya upande wa pili wa mashamba, kisha anarudi. Maandishi meupe yanapanda mbio kwenye kioo. Yakisimama, anainama kuyasoma. Yakianza tena, anaondoka tena.

"Keti, mama," anasema Jairus Sifuna, msimamizi wa mashine ya kukausha mahindi. "Ukitembea hivyo unatuchosha sisi tuliokaa."

"Nikikaa ndio nachoka, Mzee."

Jairus anacheka kidogo, lakini hata yeye hajatulia. Amejaza magunzi kwenye tanuri la mashine, akayatoa, akayapanga upya. Kiberiti kiko mfukoni. Moto haujawashwa.

Nyuma yao, kwenye sakafu ya saruji, yamemwagwa mahindi ya magunia arobaini. Ni mahindi ya Cheptoo, mjane ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Tevin. Yalivunwa yakiwa na maji, mvua ikamfuata hadi nyumbani, akayafunika kwa turubai akingoja zamu yake. Leo asubuhi ameyaleta kwa trekta la jirani. Sasa amepiga magoti, anatumbukiza mkono kwenye rundo hadi kwenye kiwiko, anautoa, ananusa vidole.

"Ndani ni moto kama uji," anasema, bila kumwangalia mtu.

Kila mkulima aliye ghalani anajua maana yake. Mahindi mabichi yakirundikwa hupata joto yenyewe, na joto likikaa, kuvu huingia. Kuvu ikiingia, mahindi hayo hayauzwi, na mtu akiyala yanaweza kumdhuru. Kwa Mama Tevin, rundo hilo ndilo chakula cha nyumba yake hadi mavuno mengine, na ndilo mbegu na mbolea ya kupanda tena. Hana lingine.

Mashine yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kompyuta. Radi ilipiga karibu na ghala wiki hii, ikaiunguza. Kikundi cha wakulima kikanunua nyingine ya mtumba na kumpigia simu Dinah, fundi kutoka Mukumu.

Dinah alifika jana akiwa amevaa gambuti za mvua na kubeba kipakatalishi chake ndani ya mfuko wa unga ili kisiloe. Programu ya mashine aliihamisha bila shida. Vipimajoto vinasoma na namba zinaonekana. Kinachokosekana ni mchoro, ule mstari mwekundu wa joto na ule wa buluu wa unyevu, unaojichora polepole kuanzia kushoto kwenda kulia huku mahindi yakikauka.

Mgeni angeuliza mchoro ni wa nini ikiwa namba zipo. Jairus amekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi.

"Namba inakuambia joto la sasa," anasema. "Mstari unakuambia joto linaenda wapi. Halafu kuna watu wetu hapa hawajui kusoma namba, lakini mstari ukipanda wanaona, ukishuka wanaona."

Kuna sababu nyingine pia. Kabla ya mchoro, wakulima waligombana nusura kikundi kivunjike. Huyu alidai mahindi yake yametolewa yakiwa mabichi, yule alidai yamechomwa hadi yakapungua uzito. Wakakaa, wakakubaliana jambo moja: mwenye mahindi atakaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, na moto hautawashwa wala mashine kufunguliwa kama yeye haoni mstari kwa macho yake. Tangu hapo kiti hicho hakijawahi kuwa tupu mashine ikifanya kazi. Wapo wanaokuja na watoto, na wapo wanaokuja na chakula chao. Bibi mmoja aliyekuwa mgonjwa aliletwa na godoro, na majirani wakamwinua kila alipotaka kuangalia.

Leo Mama Tevin hajakikalia. Hakuna cha kuangalia.

Sehemu ya programu inayochora mistari ni kiendelezi kidogo kilichoandikwa na watu wengine miaka mingi iliyopita. Kwa kompyuta nyingine hupatikana kikiwa tayari, unakiweka na kuendelea. Kwa kompyuta hii hakipatikani hivyo. Kinachopatikana ni msimbo wake, yaani maandishi ambayo mtu aliyaandika na ambayo kompyuta bado haiwezi kuyatumia.

"Nikiwaeleza akina mama nawaambia msimbo ni mahindi, na kompyuta inakula ugali," anasema Dinah. "Lazima nisage hapa hapa, kwa kinu cha kompyuta hii hii. Unga wa kompyuta nyingine haiukubali."

Kusaga huko kuna hatua tatu. Kwanza unaamuru kompyuta ijikague kama ina kila kinachohitajika. Kisha inajenga kiendelezi. Mwisho unakisakinisha, yaani unakiweka mahali ambapo programu itakitafuta.

Dinah alijifunza kazi hii katika chuo kidogo mjini Kakamega, na nyingine akajifundisha mwenyewe kwenye kompyuta zilizoletwa kwake zikiwa zimekufa. Hana duka. Husafiri kwenda kwa wateja wake: shule, wauza dawa, kituo cha kununua miwa kule Matungu. Mwezi mmoja kazi hujaa, mwingine simu hailii. Analipia chumba cha kupanga, na kinachobaki humtumia mama yake.

"Watu wanapenda fundi wa simu, kwa sababu kioo kilichovunjika kinaonekana," anasema. "Mimi natengeneza kitu ambacho hata nikishamaliza hukioni. Unaona tu mstari."

Maandishi kwenye kioo yanasimama. Safari hii hakuna neno la kosa. Hatua ya tatu imekamilika, na mabega ya Dinah yanashuka. Anafungua programu ya mashine, na wakulima wanasogea.

Namba zinatokea. Mahali pa mchoro panabaki peupe, na chini yake kuna sentensi moja inayosema kiendelezi hakijapatikana.

"Si umesema umekiweka?" anauliza Jairus.

"Nimekiweka."

"Sasa kimeenda wapi?"

Dinah anainamia kibodi. Anafunga programu, anaifungua tena. Ni vile vile.

Mama Tevin anasimama na kupangusa magoti.

"Mzee Jairus, washa moto," anasema. "Namba ziko. Mimi nimekubali."

"Mama Tevin, wewe unajua makubaliano."

"Makubaliano yaliwekwa kwa ajili ya mwenye mahindi. Mwenye mahindi ni mimi."

"Leo unakubali. Kesho yakipasuka nitakuwa nimekuchomea. Na nikiwasha kwa ajili yako, kesho kutwa nitamwambia nini mwingine?"

"Kwa hivyo yaoze nikiwa naangalia?"

Jairus anatoa kiberiti, anakitazama, anakirudisha mfukoni. Hasira haimo usoni mwake. Anavua koti lake, analining'iniza kwenye mlango, anachukua sepetu na kuanza kugeuza mahindi ya mama huyo ili joto litoke. Wanaume wawili waliokuwa wakibishana nje kuhusu mpira wanaingia bila kuitwa na kushika sepetu nyingine. Feni ya mashine inawashwa bila moto, inapulizia rundo hewa baridi ya mvua. Haikaushi, lakini inachelewesha kuvu.

Dinah anatembea. Mlangoni, kwenye meza, mlangoni. Mwishowe anapiga simu Eldoret kwa Kipyegon, kijana aliyezaliwa Lugari, ambaye aliwaandikia wakulima hawa programu yao alipokuwa bado mwanafunzi. Anaiweka simu kwenye meza ili wote wasikie.

"Kimejengeka bila kosa?" anauliza Kipyegon.

"Bila kosa hata moja."

"Ulikijengea toleo gani?"

Lugha ya kompyuta ambayo programu imeandikwa kwayo ina toleo jipya na la zamani. Kompyuta hii ilikuja na jipya, lakini programu ya Kipyegon hukataa jipya. Kwa hiyo jana Dinah aliiwekea toleo la zamani katika folda yake ya pembeni.

"Niliuliza kompyuta, ikaniambia jipya," anasema Dinah, na sauti yake inaanza kupungua.

"Uliiuliza kompyuta. Programu yangu uliiuliza?"

Dinah anaketi, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Anafungua programu na kuiuliza inatumia toleo gani.

"La zamani," anasema.

"Ndio hapo."

"Nimepika chakula nikapeleka nyumba ya jirani."

"Na jirani hana hata njaa," anasema Kipyegon, na ghala zima linacheka, hata Mama Tevin kidogo. "Usijali, dada. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo mara mbili, na programu ni yangu. Sasa futa yote uliyojenga. Usiache hata kipande, kikibaki cha mwanzo kitachanganyika na utakachojenga sasa. Kwenye ukaguzi, iambie wazi folda ya toleo la zamani iko wapi. Ukiiacha ichague yenyewe itachagua jipya tena."

Kipyegon hakati simu. Anasema atabaki kwenye laini, ingawa yuko kazini.

Dinah anafuta, anaanza upya. Ukaguzi unapita, kisha unakwama: toleo la zamani halina faili ambazo kiendelezi huzihitaji kinapojengwa. Lazima zitolewe kwenye mtandao, na mtandao wa Chekalini wakati wa mvua huenda kwa magoti. Mvua imeanza tena, mabati yananguruma, na Kipyegon lazima apige kelele ili asikike. Mkulima mmoja anatoa simu yake yenye laini ya kampuni nyingine, anasema bando alilinunua asubuhi na hana kazi nalo. Mwingine anaipeleka simu hiyo juu ya magunia, karibu na dirisha, na kuishika hapo mkono ukiwa juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali.

Ndipo Maina anaposema neno. Ni mkulima wa hapa hapa, mtu wa maneno machache, na trela lake la mahindi liko nje chini ya turubai. Kwa orodha, zamu ya kwanza leo ni yake, ingawa katika hofu ya rundo la Mama Tevin hakuna aliyeitaja.

"Mstari ukitokea, yaingie ya Mama Tevin," anasema. "Yangu niliyatoa shambani yakiwa yamekauka kidogo. Yatangoja."

"Na mvua hii?" anauliza Jairus.

"Nimesema yatangoja."

Mama Tevin anaondoka, anarudi na birika la chai kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara, na kikombe cha kwanza anampa Maina. Cha pili anakiweka kando ya kibodi, mbali kidogo, mahali ambapo mkono wa Dinah hauwezi kukimwaga.

Faili zinafika. Ukaguzi unapita. Ujenzi unaanza, maandishi yanapanda. Sepetu zinakwaruza sakafu. Dinah hatembei sasa, lakini goti lake linatikisa meza nzima, na Mama Tevin, aliyesimama nyuma yake, anamwekea mkono begani. Goti linatulia kwa muda, kisha linaanza tena.

Inasakinishwa. Programu inafunguliwa.

Mchoro unatokea: uwanja mweupe wenye miraba, na pembeni kushoto nukta nyekundu. Nukta inasogea, inakuwa kimstari kifupi kama ukucha.

"Huo ni mstari?" anauliza Mama Tevin.

"Huo ni mstari," anasema Dinah.

"Basi nipisheni nikae."

Jairus anapiga kiberiti.

Mahindi yanaingia mashineni kwa ndoo na sepetu, kila aliye ghalani akibeba, na mstari mwekundu unaanza kupanda. Mama Tevin anaukazia macho, midomo ikisogea kama anayeomba. Kila wakati mstari unapopinda kidogo anauliza, "Hapo je?" na kila mara Jairus anaacha tanuri lake kuja kuangalia na kumjibu.

Si yote yaliyookoka. Yaliyokuwa katikati ya rundo yalikuwa yameshaanza kugeuka rangi, na Jairus alipoyachambua yalifika magunia matatu. Hayakupelekwa kwa kuku wala kwa ng'ombe. Yalichomwa nyuma ya ghala, na Mama Tevin mwenyewe ndiye aliyeyatia moto.

"Matatu nimelia," anasema. "Thelathini na saba nitakula na nitapanda. Nikipima, naona nimesaidiwa."

Mahindi ya Maina yalikaushwa baadaye, na yeye pia alikaa kwenye kiti hadi mstari wa unyevu uliposhuka.

Lakini Dinah hakuondoka Chekalini akiwa ametulia. Kinachomsumbua sasa si kosa lake bali umbali. Safari hii alikuwa karibu, akapigiwa simu akafika. Siku nyingine anaweza kuwa Matungu, mto umejaa, na mwenye mahindi amepiga magoti hapa akinusa vidole.

"Sipendi kazi inayongoja mtu mmoja," anasema. "Mtu mmoja anaweza kuugua. Anaweza hata kuolewa Mombasa."

"Usituambie hivyo," anasema Jairus.

Mpango wa Dinah ni wa mwezi wa pili, mashine ikiwa tupu na ghala limefagiwa. Atarudi, atafuta kiendelezi chote kwenye kompyuta ile, na Jairus ndiye atakayekijenga upya tangu mwanzo, kwa kidole kimoja anachojua kuandikia. Jairus ana miaka sitini na moja. Amekubali, ingawa anasema amezoea moto, na moto haumkatalii mtu kwa sentensi.

"Mimi nitakalia mikono yangu," anasema Dinah. "Akikosea, nitanyamaza mpaka aone mwenyewe."

"Na nisipoona?" anauliza Jairus.

"Utaona. Hakutakuwa na mahindi ya mtu yanayotungoja, Mzee. Tutakosea hadi tushibe."