Mgeni wa Siku Thelathini

Ijulikane kwa wakazi wote wa mji wa Baraka, Kongo ya Wabelgiji, kuanzia sokoni hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na mbuzi wao, ya kwamba Malkia mpya wa Uingereza, mwenye visiwa na majangwa yasiyohesabika, anaye pia raia mmoja katika mji huu. Raia huyo ni Nasoro, fundi kalafati, ambaye kazi yake ni kuziba nyufa za mashua kwa pamba iliyochovywa mawese. Malkia hajaarifiwa. Nasoro ameshaarifiwa, na tangu hapo chakula hakipiti vizuri.

Kosa lilianza kwa mama yake. Familia za Kiislamu za ufuko ule zina desturi kwamba mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi mzaa mama, na bibi alikuwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Mama akavuka, akajifungua, akamaliza arobaini yake, akarudi Baraka na mtoto mgongoni. Kwa hiyo Nasoro aliishi Ujiji siku arobaini tu, na nyingi kati ya hizo alizilala.

Lakini kuzaliwa Ujiji kulikuwa cheo. Mtu wa Ujiji, iliaminika, alijua kufunga kilemba na kula wali bila kudondosha punje. Basi Wabelgiji walipopita zamani kuandika watu, nusu ya wanaume wa Baraka walidai wamezaliwa huko, wengine wakiwa hawajawahi kufika mbali kuliko kijiji cha Kazimia, ufuko huohuo. Nasoro naye alikutaja kuzaliwa kwake huko, kidevu juu.

Mwaka 1953 akaja Fizi, makao ya wilaya, mtawala mpya, Mbelgiji kijana aliyependa makaratasi kuliko wengine wanavyopenda bia. Akafungua daftari la zamani, akaona hatari. Ujiji iko Tanganyika, Tanganyika iko kwa Mwingereza, kwa hiyo hawa wote ni wageni. Wahame warudi kwao. Mchana mmoja tu, Ujiji ikapoteza watoto wake wote. Waliodanganya walileta mashahidi kwamba walidanganya, wakasamehewa. Nasoro peke yake alikuwa amesema kweli, na mashahidi wake wote waliijua kweli hiyo. Karani Bonaventure, jirani yake, Mkatoliki asiyethubutu kuapa uongo, ndiye aliyeithibitisha, huku akitazama viatu vyake.

Ikabaki njia moja ya kuokoa nyumba yake na maisha yake na mkewe, Kulthumu: mtawala Mwingereza wa Kigoma, jirani na Ujiji, aandike kwamba mtu huyu si wake.

Nasoro akavuka. Mwingereza alikuwa mpole kupita kiasi. Alimkalisha kwenye kiti, akatafuta jina lake katika orodha zote, hakuliona. Akasema pia kwamba Nasoro alipozaliwa, Ujiji ilikuwa ya Mjerumani, na kwamba hata sasa Tanganyika si mali ya Uingereza, wamekabidhiwa waitunze tu. Nasoro akaona ameokoka. Akaomba aandikiwe hayohayo.

Mwingereza akachukua kalamu, kisha akatazama dirishani, ambako watu walikuwa wakifunga bendera kwenye miti. Ilikuwa juma lilelile la kumvisha Malkia taji. Mkalimani akamweleza Nasoro kwamba bwana anaona aibu. Haiwezekani Malkia amkane mtu katika siku zake za furaha. Nasoro akasema yeye hatahuzunika akikanwa. Mkalimani hakuitafsiri hiyo. Karatasi ikaandikwa, ikapigwa muhuri: mtu huyu yuko chini ya ulinzi wa Uingereza. Kesho yake raia mpya akapewa kibendera, akasimamishwa juani mpaka bendi ikachoka.

Mbelgiji wa Fizi alifurahi kuona karatasi safi namna ile. Mgeni mwenye karatasi anaruhusiwa kutembelea Kongo siku thelathini, kisha atoke, kisha aombe tena. Tangu hapo Nasoro anaishi juu ya maji. Wenye mashua walimsubiri mara mbili tatu, halafu wakapata fundi mwingine, ambaye mashua zake zinavuja, lakini yuko. Kulthumu naye aliitwa ofisini kutia alama ya kidole kwamba anamhifadhi mgeni.

"Mi niko na mugeni sasa," aliwaambia bamama kisimani. "Mugeni mwenye anakoroma, na anajua kwenye ninaficha sukari."

Walicheka. Yeye hakucheka sana.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja adhuhuri Nasoro aliteremka tena mashuani, mguu umevimba, akasimama mbele ya meza ya Bonaventure pale bandarini. Karani akavuta fomu.

"Samahani, muzee. Iko lazima niulize. Unafikia kwa nani?"

"Kwa Kulthumu."

"Iko nani yako?"

Bonaventure alikuwa amekula pilau ya harusi yao. Hakuinua kichwa.

"Muke wangu."

"Na sababu ya kuingia Kongo?"

Nasoro akaweka mfuko wake chini.

"Andika yoyote, Bonaventure. Mi niko na njaa."